Kioo Chasema, Lakini Hakisikii

Atakaye kujua Mombasa yawaza nini, na aende Feri akangoje. Pale hukutana mwenye gari na mwenye mkokoteni, karani wa afisi na muuza kahawa, mtoto wa skuli na mzee wa bakora. Na kwa kuwa mkondo wa Likoni haumpendelei mtu, wote husimama pamoja mpaka chombo kifike. Jumamosi moja, yapata saa nne na nusu asubuhi, nami nalikuwa pale nikenda ng'ambo kumjulia hali jamaa yangu mgonjwa. Zilikuwa siku za bamvua. Wavuvi wetu wajua kwamba bamvua ya huku kwetu hujaa alasiri na hukupwa kabla ya adhuhuri. Saa ile bahari ilikuwa imejikusanya mbali, gati limebaki mteremko mkali, na lori moja lililokuwa likitoka katika feri lilinguruma pale pale bila ya kupanda.

Karibu nami walisimama watoto kama kumi na wawili wa skuli moja ya Mji wa Kale, wakipelekwa Likoni na mwalimu wao kucheza mpira. Walikuwa wameinamia simu ya mwalimu, vichwa vimegusana, wakitazama video. Nikachungulia. Alikuwapo Mzungu mmoja ameshika tufe la kuwa ndiyo dunia na jingine dogo la kuwa ndio mwezi, akieleza kwa Kiingereza namna maji ya bahari yanavyojaa na kupwa. Nikacheka kwa uchungu. Nikasema moyoni: Subhanallah! Watoto wa Mvita, bahari i miguuni mwao, nao wainamia kioo kuitafuta bahari! Nikaanza papo hapo kupanga maneno makali ya kuandika katika ukurasa huu.

Kabla maneno hayo hayajatimia, mtoto mmoja akainua kichwa. Akalitazama lile lori, akayatazama maji, kisha akapiga kelele: "Mwalimu, kumbe ndiyo maana lori halipandi! Juzi mwezi umeandama!" Wenziwe wote wakageuka kulitazama gati. Mwalimu hakueleza neno. Aliizima simu akaitia mkobani, akawauliza: "Haya, na alasiri tukirudi, gati hili litakuwaje?"

Maneno yangu makali nikayameza.

Sababu ya kuyasimulia haya ni kwamba siku chache kabla ya hapo nalialikwa katika mkutano wa wazee wa skuli nyingine hapa kisiwani, nisimame kama mtu wa kalamu niseme langu. Jambo lililoletwa ni hili: skuli yataka kununua projekta na kulipia intaneti, ili walimu waweze kuonyesha darasani zile video zitokazo mtandaoni moja kwa moja. Wazee wakagawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza likasema: hiyo ni sinema, na sinema mahali pake si darasani; mlango huo ukifunguliwa, hakuna ajuaye kitakachopita. Fungu la pili likasema: watoto wa skuli za matajiri wasoma hivyo, je, wetu wabaki na chaki mpaka lini? Mimi siku ile nalisema maneno ya katikati, yasiyomuudhi mtu na yasiyomfaa mtu. Leo nataka kulipa deni hilo.

Kwanza tufahamiane juu ya kitu chenyewe. Video hii ya mtandaoni si kama kanda tuliyokuwa tukiikodi zamani ukaipeleka nyumbani nzima. Hii hutiririka. Yaja kidogo kidogo, kama maji ya mfereji: mfereji ukiwa wazi yapita, mfereji ukifungwa yakatika, na ulichokwisha kukitazama hakikai nawe. Maji hayo ya elimu, kwa ajabu ya Mwenyezi Mungu, yapita chini ya bahari yetu hii hii. Mwaka 2009 ndipo nyaya kubwa za mawasiliano zilipotia nanga Mombasa: ule wa TEAMS, utokao Fujairah katika Falme za Kiarabu, mwendo wa kama kilomita 5,000, na ule wa SEACOM, uliotuunganisha na Afrika Kusini, Bara Hindi na Ulaya. Njia waliyoijia wazee wetu kwa jahazi na pepo za kaskazi, ndiyo leo ipitayo picha na sauti kwa kupepesa jicho. Basi asije mtu akasema kwamba jambo hili ni la Nairobi au la Ulaya. Mlango wake ni hapa petu.

Pili, tusijifanye kwamba sisi watu wa pwani hatujapata kuonana na chombo kigeni cha kufundishia. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu, alipoona Waislamu wa hapa wamelala, hakuona haya kushika gazeti. Mwaka 1932 alitoa Al-Islah hapa Mombasa, akawafundisha watu dini na dunia kwa karatasi. Gazeti siku zile lilikuwa chombo cha wageni. Yeye hakuuliza chombo chatoka wapi. Aliuliza chabeba nini, na nani akishikaye. Maswali hayo mawili yanatosha mpaka leo.

Nami niliyasoma masomo yangu kwa vyombo viwili visivyofanana. Asubuhi nalikwenda skuli ya serikali, na jioni nalikwenda chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Skuli, mara kwa mara, mwalimu aliingia na redio akaiweka juu ya meza, tukasikiliza vipindi vya skuli vilivyotayarishwa na taasisi ya elimu ya Nairobi, ile KIE, ambayo tangu 2013 yaitwa KICD. Tukikaa kimya, sauti ikisema: "Sasa watoto, rudieni baada yangu." Tukarudia kwa nguvu. Nakumbuka mwenzetu mmoja alikuwa akirudia maneno yasiyokuwamo, ya mzaha, na redio ikamjibu: "Vizuri sana!" Darasa zima likaangua kicheko. Mzaha ulikuwa wa kitoto, lakini ndani yake mlikuwa na hikima ambayo imenichukua miaka mingi kuielewa: redio ile ilikuwa ikisema, wala haikuwa ikisikia.

Chuoni mambo yalikuwa mengine. Kibao, wino, juzuu ya Amma, na mwalimu ameketi mbele yako karibu hata wamwona ndevu zake zikitikisika. Ukikosea herufi moja, ukatia ha nyepesi pahala pa ha nzito, hakungoja umalize aya. Alikusimamisha pale pale, akakuonyesha mdomo wake, akakwambia: "Tazama hapa." Kurani hupokewa kinywani mwa mtu, tangu kwa Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, mpaka kwa huyu mtoto wa Kibokoni.

Sasa zingatia jambo hili, msomaji. Katika mwaka 1961 Misri ilitoa kisomo cha Kurani nzima kilichorekodiwa kwa sauti ya Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary, na 1964 ikafunguliwa Cairo idhaa ya redio ya Kurani tupu. Tangu siku hizo sauti ya msomaji bora imeweza kuingia kila nyumba. Kwanza kwa santuri na redio, kisha kwa kanda, kisha kwa simu. Je, vyuo vilifungwa? La. Walimu waliachishwa kazi? La. Mtoto husikiliza kisomo cha al-Husary nyumbani, sikio lake likapata mfano mwema, kisha akenda chuoni akasoma mbele ya mwalimu ili yeye naye asikiwe. Kanda yampa mfano. Mwalimu ampa marekebisho. Hapana hata siku moja Waislamu walipovichanganya viwili hivi.

Huu ndio mzani nitakaopimia video ya darasani. Kioo chasema, tena chasema vizuri kuliko wengi wetu. Lakini hakisikii. Hakijui kwamba Fatuma wa dawati la nyuma ameshikwa na neno la tatu na tangu hapo hajasikia la nne. Hakijui kwamba Salim amecheka kwa sababu hakufahamu. Mwalimu ajua, na kama hajui, huyo naye amekuwa kioo.

Wako waliojaribu kulisahau jambo hili, na gharama yake ni kubwa. Mwaka 1964, katika visiwa vya Samoa vilivyo chini ya Marekani, wakubwa waliamua kwamba televisheni ndiyo iwe mwalimu mkuu, na mwalimu wa darasani awe mfuataji tu. Miaka kumi haikupita ila walianza kulegeza kamba na kumrudishia mwalimu kazi yake. Hapa Afrika, nchi ya Ivory Coast iliingiza televisheni katika skuli zake za msingi mwaka 1971, kwa fedha nyingi na misaada ya nje. Mapema katika miaka ya 1980 mpango ukafungwa. Gharama zilikuwa nzito, na walimu na wazazi walikuwa wamekwisha kuchoka nao. Watu wale hawakuwa wapumbavu. Walitaka kuwafikia watoto wengi kwa haraka, na hiyo ni nia njema. Walikosea mahali pamoja tu: walimpa kioo kiti cha mwalimu.

Sisi wenyewe tulionja kidogo mwaka 2020. Ugonjwa wa korona ulipoingia, mwezi wa Machi skuli zote za Kenya zilifungwa. Baadhi ya madarasa yakarudi mwezi wa Oktoba, na wanafunzi wote hawakurudi mpaka Januari 2021. Katika miezi hiyo KICD ilipeleka masomo kwa redio, kwa televisheni na kwa mtandao wa YouTube. Ilikuwa kazi ya kushukuriwa, maana kusingekuwapo hayo kungekuwapo nini? Walakini nani katika Mji wa Kale asiyekumbuka ilivyokuwa? Nyumba moja, watoto wanne wa madarasa manne, simu moja, nayo ni ya baba, na baba ametoka nayo kwenda kutafuta riziki. Aliyekuwa na simu hana bando. Aliyekuwa na bando hana wa kumuuliza. Skuli zilipofunguliwa, mtoto niliyemuuliza amejifunza nini kwa muda wote ule alinijibu: "Nalitazama." Hakusema "nalisoma." Alisema "nalitazama," naye alikuwa mkweli.

Je, basi nimejiunga na fungu la kwanza, la wale wasemao tuifunge milango? Sikujiunga. Yule mtoto wa Feri anizuia.

Yako mambo ambayo chaki haiwezi. Mwalimu hawezi kuuchora moyo wa binadamu ukipiga. Hawezi kuonyesha mbegu ikipasuka na kutoa chipukizi katika dakika mbili. Hawezi kuisogeza dunia mbali hata mtoto auone mwezi ukiyavuta maji, na maji yakijaa upande unaouelekea mwezi na upande wa pili pia, hata bahari ya Mombasa ikajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa usiku na mchana. Mvuvi wetu ajua kwamba kila siku maji huchelewa kama dakika 50 kuliko jana yake, na ajua kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukitimia kumi na nne. Ajua kwa mwili wake, kwa urithi wa babaye. Kwa nini ni hivyo, hilo kioo chaweza kulionyesha kwa uzuri kuliko maneno. Mtoto akikutanisha ujuzi wa babu yake na sababu aliyoionyeshwa, amepata elimu kamili.

Iko fadhila nyingine pia, nayo yawahusu wenye haya. Mmarekani mmoja, Salman Khan, ambaye asili ya babake ni Bengali, alianza mwaka 2004 kumfundisha hisabati binamu yake aliyekaa mji mwengine. Jamaa wengine wakataka nao. Na 2006 akaanza kuyaweka masomo yake mtandaoni, mpaka ikazaliwa taasisi nzima iitwayo Khan Academy. Siri ya video zile ni nyepesi: mtoto aweza kulirudisha somo nyuma mara saba, wala hapana wa kumcheka. Katika darasa la watoto 60 ni wangapi wenye ujasiri wa kusema, "Mwalimu, sikufahamu, rudia"? Lakini angalia na asili yake: kazi ile ilianza kwa mtu anayemjua mwanafunzi wake kwa jina. Kioo kilikuja baadaye kumsaidia.

Nirejee kwa mwalimu wetu wa Feri. Chombo kilipofika tukapanda pamoja, nami nikamuuliza habari ya hizo video zake. Akacheka. "Ami," akanambia, "mara ya kwanza naliaibika." Alikuwa ameifungua video ile ile darasani, moja kwa moja kutoka mtandaoni, kwa bando lake mwenyewe alilolinunua kwa pesa zake. Dakika mbili ikenda vizuri. Ya tatu ikasimama. Kiduara kikaanza kuzunguka katikati ya kioo, kikazunguka, kikazunguka. Watoto wakaanza kukihesabu mizunguko. Iliporudi, lililokuja halikuwa somo bali tangazo la kamari, kijana akirusha noti hewani na kusema kwamba utajiri u karibu. "Ami, nalitamani sakafu ipasuke nizame. Na mtoto mmoja akaniuliza: Mwalimu, na hii nayo twaandika?"

"Ukafanyaje?" nikamuuliza.

"Nikazima, nikachukua chungwa na limau, nikafundisha nilivyofundishwa mimi. Kisha usiku wake nikaipakua ile video nyumbani, nikaitazama mara tatu nzima, nikaandika mahali pa kuisimamisha na la kuwauliza. Tangu siku hiyo sifungui mbele ya watoto kitu nisichokuwa nacho mkononi."

Msomaji, mimi nimehudhuria semina na makongamano mengi ya elimu, wala sijapata kusikia nasaha bora kuliko hiyo. Nasi watu wa Mombasa ndio wa kwanza tuwezao kuifahamu. Maji yetu ya kunywa yatoka mbali, Mzima na Baricho na Marere. Na ni nani hapa mjini ategemeaye mfereji peke yake? Kila nyumba yenye akili ina pipa au tangi. Yakija, wateka; yakikatika, wachota katika akiba. Video inayotiririka ni mfereji. Ategemeaye mfereji mbele ya watoto 60 amejiweka katika rehema ya waya na bando na umeme. Mwenye pipa hutulia. Skuli isikimbilie kulipia intaneti ya kasi kwa kila darasa. Na ianze na mashine moja ya kuhifadhia, ijazwe usiku masomo yaliyokwisha kuchaguliwa, na kila mwalimu achote kwa zamu yake. Pale mwenye video aruhusupo kupakua, na tupakue. Pale asiporuhusu, tutafute iliyoruhusiwa, maana mali ya mtu haiwi halali kwa kuwa ni ya mtandaoni.

Habari ya lile tangazo la kamari yanirudisha kwa wazee wa fungu la kwanza. Hofu yao si ya kuchekwa. Video nyingi za mtandaoni ni za bure kwa kuwa mtazamaji ndiye bidhaa. Kila ukitazama waandikwa: umetazama nini, umeachia wapi, umerudi saa ngapi. Mwaka 2019 kampuni ya Google na YouTube yake ilikubali kulipa dola milioni 170 huko Marekani, kwa madai ya kukusanya habari za watoto bila ya idhini ya wazazi wao. Mwaka huo huo nasi Kenya tulipata Sheria ya Kulinda Data, nayo yataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya habari za mtoto kutumiwa. Basi mzazi aulizapo, "Ni nani amchungulie mwanangu?" asiambiwe kwamba yu mshamba. Sheria ya nchi i pamoja naye. Dawa yake, kwa bahati njema, ni lile pipa: somo lililopakuliwa na kukaguliwa na mwalimu haliji na tangazo nyuma yake, wala halimwandiki mtoto.

Sasa liko jambo la mwisho, nalo ndilo liniumizalo zaidi. Yule Mzungu wa video alikuwa akifundisha vizuri, sina la kumtoa. Lakini alikuwa akisema juu ya bahari nyingine. Hakusema bamvua, hakusema maji mafu, hakusema mwezi mwandamo. Mtoto ilimbidi avuke mito miwili: kwanza Kiingereza, kisha ugeni wa mfano wenyewe. Wangapi huzama katika mto wa kwanza, nasi tukasema hawana akili ya sayansi?

Wenzetu wa Tanzania wameonyesha kwamba yawezekana. Huko Dar es Salaam, mwaka 2014, kulianza kipindi cha katuni kiitwacho Ubongo Kids, cha hisabati na sayansi, kwa Kiswahili chetu na kwa nyimbo, na kikapita mipaka kwenda nchi nyingine za Afrika. Wahusika wake ni watoto na wanyama wa huku kwetu. Mtoto wa Mombasa akikitazama hajioni mgeni. Nami nauliza: Mombasa yenye malenga na walimu na vijana wajuao kupiga picha, Mombasa yenye nyaya za dunia nzima zilizolala mchangani mwake, mbona haijajifunza kutoa hata dakika kumi za somo la bahari kwa lugha ya bahari? Nahodha mmoja mzee, na mwalimu mmoja wa sayansi, na kijana mmoja mwenye simu, na gati la Feri lenyewe asubuhi likiwa mteremko na alasiri likiwa karibu sawa na chombo: gharama yake ni ipi? Mashairi ya Muyaka tunayo leo kwa kuwa Mwalimu Sikujua aliwasikiliza wazee waliokuwa wameyahifadhi, akayaandika. Lau asingeyaandika, tungekuwa tumebaki na jina tupu. Leo wazee wajuao nyota, pepo, mikondo na samaki waondoka mmoja mmoja, nasi tumekaa tukitazama bahari za watu.

Basi hili ndilo jibu langu kwa wazee wa ile skuli, nililolikosa siku ile. Nunueni projekta, lakini moja kwanza, mkaitazame kazi yake kwa muhula mzima. Msinunue kasi ya intaneti kabla hamjanunua pahala pa kuhifadhia. Chagueni walimu wawili na wazazi wawili, waume kwa wake, wawe wakaguzi wa kila kitakachoonyeshwa, na orodha yake ibandikwe ukutani, kila mzazi aione. Video isizidi dakika kumi kwa somo moja, nayo isimamishwe katikati si chini ya mara mbili, mwalimu aulize na asikilize. Mpeni mwalimu bando la kutayarishia somo. Si haki atoe katika mshahara wake. Na kila mwaka skuli itoe japo somo moja lake yenyewe, kwa Kiswahili, la kitu kilichoko hapa hapa: maji ya Feri, mikoko ya Tudor, mbuyu wa Mama Ngina, kuta za Ngome.

Na la mwisho kabisa: kila baada ya kioo, watoto watoke nje. Mtoto aliyeonyeshwa bahari kwenye kioo na asipelekwe ufukoni amedhulumiwa. Na aliyekaa ufukoni miaka yote bila ya kuonyeshwa sababu ya maji kupwa, naye amedhulumiwa.

Alasiri ya Jumamosi ile nalirudi kutoka Likoni. Maji yalikuwa yamejaa, gati limelala, magari yatoka katika feri kama yatokayo uani. Wale watoto walikuwa mbele yangu, wamechafuka vumbi la mpira. Sikuwauliza kama walishinda. Walikuwa wamejipanga ukingoni wakilipima gati kwa macho, na yule mwenye kelele alikuwa akimwambia mwenziwe: "Asubuhi lilikuwa mpaka kule! Mpaka kule, wallahi!" Mwalimu alisimama nyuma yao, kimya, akisikiliza. Simu haikutoka mkobani.

Kwa ada ya ukurasa huu nawaachia ubeti mmoja:

Kioo kina maneno, ila hakina sikio,
Na mtoto ana neno, moyoni lina kilio,
Mwalimu ndiye mkono, ndiye lake kimbilio,
Chombo kipewe nahodha, ndipo kifike bandari.